Maji ya moto kwa magoti ya mama mwenye kisukari
Dada wa Umoja, umeuliza iwapo mama yako mwenye kisukari aloweke miguu katika maji ya moto na kunywa lita 2 kwa mkupuo kila alfajiri ili magoti yapone. Mtu akisimama majini hadi kifuani, sehemu kubwa ya uzito wake hubebwa na maji, ndiyo maana mazoezi ya bwawani humfaa mwenye yabisi (ugonjwa wa maumivu na ukakamavu wa viungo), ingawa hayarudishi gegedu iliyolika, yaani ile tabaka nyororo inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo. Kinachonitia hofu ni nyayo: kisukari huweza kuua hisia zake, naye akaungua asitambue, kwa hiyo upime maji wewe mwenyewe kwa kiwiko, yawe ya uvuguvugu tu. Hizo lita 2 aziache. Maji mengi ya ghafla huweza kuzimua chumvi ya damu. Amwone kwanza mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), na akiwa na kidonda asiingie bwawani.