Alama ya Mafuriko Si Mpaka wa Usalama

SWALI: Kikundi chetu hapa Mathare kimechanga pesa za kujenga mnara mdogo karibu na mto, kuwakumbuka majirani tuliowapoteza katika mafuriko ya Aprili 2024. Mtu anayejiita mtaalamu wa mafuriko ametushauri tuchore mstari mwekundu pale maji yalipofika na kuandika "Salama kuanzia hapa kwenda juu". Atatupimia kwa ada. Je, mstari huo uwe kwenye kimo gani? – Katibu wa kikundi

JIBU: Ndugu katibu, poleni sana kwa msiba. Jengeni mnara, ila huyo mtu msimlipe hata shilingi. Maneno anayotaka myaandike yatakuja kuua mtu.

Nimefanya kazi ya mito na mifereji miaka mingi, na hakuna dhana inayoniumiza kama hii. Alama ya mafuriko inasema jambo moja tu: usiku ule maji yalifika hapa. Haisemi kwamba hayatapita. Mto wenu wa leo si ule wa El Niño ya 1997. Huko juu ardhi iliyokuwa ikinywa mvua imefunikwa kwa lami na saruji, sakafu ya mto imeinuliwa na taka na udongo wa kujazia ploti, na daraja likizibwa na matawi na plastiki, maji hujaa nyuma yake kama kwenye bwawa. Mvua ileile ya 2024 ikirudi, inaweza kupanda juu zaidi ya mstari wenu.

Mtasikia pia kwamba yale yalikuwa mafuriko ya "miaka mia", kwa hiyo wajukuu ndio watakaoyaona tena. Uongo. Maana ya neno hilo ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 wa mafuriko ya ukubwa huo. Mtu akikaa mahali hapo miaka 30, uwezekano wa kuyaona ni karibu asilimia 26, yaani zaidi ya mmoja kwa wanne.

Kuna atakayewatajia jiwe la Aneyoshi, kijiji cha Japani, kwamba nalo lilichora mpaka. Lilisimamishwa baada ya tsunami ya 1933, nalo linaamuru: msijenge nyumba chini ya hapa. Wanakijiji walitii, na tsunami ya 2011 ikakomea kama mita 100 kabla ya kulifikia. Lakini angalieni lugha yake. Linakataza chini, haliahidi kwamba maji hayatalipita. Mji wa Minamisanriku, kwenye pwani hiyohiyo, ulijenga kinga zake kwa kipimo cha tsunami ya 1960, na 2011 maji yakafunika jengo la orofa tatu la kudhibiti majanga mpaka paa. Watumishi wengi wa mji walifia hapo.

Sasa mnara wenu. Tafuteni mistari ya tope ndani ya nyumba, si nje: nje maji hugonga ukuta na kuruka, ndani hutulia. Linganisheni nyumba nne au tano. Kimo kihamisheni kwa ule mpira mwangavu wa maji ambao mafundi husawazishia msingi, lakini hapo hapo tu, kwa sababu uso wa mto una mteremko na kimo cha darajani hakifai mahali palipo mita 200 kutoka hapo, upande maji yanakotoka. Nguzo iwe ya zege, herufi zichongwe humo humo. Kibao cha shaba kitaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla ya masika. Msiiweke ukingoni unaomomonyoka, iwekeni wanapopita watoto na wachota maji kila siku. Andikeni tarehe, saa maji yalipoingia, dalili iliyotangulia na njia ya kukimbilia. Kisha: "Maji yanaweza kupita hapa." Majina ya marehemu yaandikwe kwa idhini ya familia zao.

Ninasisitiza kwa sababu nimeona alama ikigeuzwa bidhaa. Familia moja iliniita nikague nyumba ya kupanga karibu na Mto Ngong. Dalali alituonyesha mstari wa rangi ukutani, akaapa kwamba maji hayajawahi kuupita. Nilifungua kifuniko cha swichi, iliyokuwa juu ya mstari ule kwa kimo cha kiganja. Ndani kulikuwa na tope kavu, laini kama unga, limejaa hadi kwenye skrubu za juu.

Vivyo hivyo na futikamba. Tangu serikali iamuru watu wahame mita 30 kutoka mitoni, kuna watu wanaopima hatua 30 na kuuza ploti ya hatua ya 31 kama mahali pa usalama. Mto haupimi hivyo. Penye bonde tambarare maji husambaa mbali kuliko hapo, na penye ukingo mkali mita 30 huenda zikakuweka juu kabisa. Yeyote anayewauzia usalama kwa mstari, mwulizeni alipima kutoka wapi, lini, na kwa chombo gani, kisha mfungue swichi za nyumba za jirani mkiwa naye.