Kazi Zikipungua, Kimbilia Kwenye Matengenezo

Kijana mmoja wa Makorora ameniandikia. Alikuwa akijifunza kukereza vyuma kwenye karakana moja hapa Tanga. Oda zimekauka, tajiri kawaambia wanafunzi wapumzike mpaka hali itengemae. Mafundi wa mshahara wamebaki. Anauliza aache ufundi akauze chipsi?

Mdogo wangu, usiache. Na mimi nilipumzishwa hivyo hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1990. Miaka ya 1960 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka, na wakati mimi nashika tupa zilikuwa zimebaki kama tani 20,000. Mkonge usipokatwa, korona, yaani mashine za kutoa nyuzi kwenye majani yake, hazizunguki, na karakana inayozichongea shafti haina cha kumfundishia mtoto wa watu. Tuliambiwa jioni, tumeshanawa mikono. Fundi niliyemwita baba hakunitazama usoni. Linaniuma mpaka leo, maana ndiyo kwanza nilikuwa nimeaminiwa kushika vipimo.

Nikamfuata mzee mmoja Ngamiani, mfufuaji wa pampu na mashine za kusaga. Pale ndipo nilipoiva. Uchumi ukibana, hakuna anunuaye mashine mpya, lakini watu hawaachi kula ugali. Mwenye kinu ataleta beringi iliyokufa hata kama analipa kwa mafungu. Leo nina karakana yangu, na hali ilipokuwa ngumu sikumwondoa mwanafunzi hata mmoja. Nalisema kwa fahari.

Kwa hiyo kaa penye matengenezo. Usianze na posho, anza na kuomba kushika mashine. Ukishaiva, nenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wakupime. Wana utaratibu wa kumpa cheti aliyejifunzia mtaani. Wala usikae ukisubiri nafasi za mafunzo ziongezeke wakati wa dhiki. Tozo ya ufundi stadi, inayochangia mafunzo hayo, hulipwa na waajiri kwa kufuata mishahara, na tangu 2021 inawahusu wenye wafanyakazi 10 au zaidi. Wafanyakazi wakipunguzwa, na fungu hilo linapungua.

Nanyi matajiri, mkiwafukuza wanafunzi leo, kazi zikirudi mtamtafuta nani? Mafundi wenu wanazeeka. Mungu anawaona.

Kijana, kesho mwombe tajiri uje siku za matengenezo tu. Akikataa, pita gereji za Ngamiani uulize nani anawakerezea vipuri, kisha umfuate huyo.