Kapo imepauka: nipake rangi upya?

Fundi, nina Corolla nyekundu ya 1994. Kapo (kifuniko cha injini) na paa vimepauka kama tofali la zamani. Ukipitisha mkono unabaki na unga. Nipake rangi upya?
Msomaji, Himbi, Goma

Ndugu yangu, usikimbilie kupaka. Osha kwanza kwa maji mengi. Vumbi letu ni la mawe ya volkeno. Ukilipangusa kavu, unakwaruza mwenyewe. Kisha weka pati ya kusugulia (dawa nzito ya kung'arisha rangi) kidogo kwenye kitambaa cheupe, usugue pahali padogo. Kitambaa kikigeuka chekundu, furahi: rangi haina verni (tabaka la kinga lisilo na rangi) juu, na iliyokufa ni ngozi ya juu tu. Sugua kivulini, kapo ikiwa baridi, kipande kwa kipande. Kwenye kona na mikunjo nenda polepole, rangi pale ni nyembamba. Mimi niliwahi kusugua ukingo wa mlango hadi chuma kikachungulia. Mwenye gari hakucheka. Halafu paka nta, urudie kila baada ya miezi michache.

Kitambaa kikibaki cheupe na magamba yanabanduka, hiyo ni verni imekufa. Hapo pati haisaidii: ni msasa, rangi, verni mpya, na mfuko wako.