Ulikagua Chakula Jeshini? Maabara ya Vifungashio Inakuhitaji

Msomaji mmoja, Mkenya anayekaribia kumaliza mkataba wake katika Jeshi la Marekani, ameandika kuuliza kama miaka yake ya ukaguzi wa chakula, ile kazi ya namba 68R, ina thamani yoyote uraiani. Anasema kila anayesoma wasifu wake anamwona mlinzi wa stoo. Inauma kusikia hivyo, maana fani hii ya usalama na ufungashaji wa chakula imejengwa na jeshi kwa sehemu kubwa. Mfumo wa HACCP, yaani kutambua hatari za chakula na kuzidhibiti katika kila hatua muhimu, unaotumika leo viwandani kote ulianza miaka ya 1960, pale kampuni ya vyakula ya Pillsbury ilipofanya kazi pamoja na NASA na maabara za jeshi za Natick, Massachusetts, kutafuta chakula salama cha wanaanga. Pakiti laini ya MRE, mlo wa askari ulio tayari kuliwa, iliyochukua nafasi ya makopo kuanzia mwaka 1981, nayo ina mkono mkubwa wa Natick.

Kwa hiyo, ndugu, tatizo liko kwenye maelezo. Ukiandika "nilikagua shehena", mtafiti wa maabara ya vifungashio haoni kitu. Andika ulichopima. Chukua kile kibandiko cha duara kwenye katoni ya MRE: sehemu ya kati hukoza rangi kadiri joto na muda vinavyoongezeka, na ikifikia weusi wa pete ya nje, chakula kinatiliwa shaka na kufanyiwa ukaguzi. Hicho ni kipimo cha kasi ya mabadiliko ya kikemia, na wewe umekisoma kazini kila wiki. MRE hukaa miaka 3 kwenye nyuzi 27 za Selsiasi, lakini miezi 6 tu kwenye nyuzi 38. Nyuzi 11 zinakula sehemu tano kati ya sita za uhai wake. Mtu anayeweza kueleza hilo, na kuonyesha kumbukumbu za joto la ghala alizotunza, tayari anaongea lugha ya maabara.

Baada ya hapo, jifunze pakiti yenyewe. Ina tabaka: poliesta nje ya kubeba maandishi na kuzuia mikwaruzo, karatasi ya alumini ya kuzuia oksijeni, mvuke na mwanga, mara nyingi nailoni ya kuongeza ukakamavu, na polipropilini ndani, ambayo ndiyo inayoyeyuka na kushikana pakiti inapofungwa. Alumini hiyo ni nyembamba mno. Ikikunjwa mara nyingi njiani hupata vitobo vidogo usivyoviona mpaka uiweke mbele ya taa, na hapo oksijeni huanza kuingia kidogokidogo.

Upande wa joto linaloua vijidudu baada ya pakiti kufungwa, adui mkuu wa chakula kisicho na uchachu, chenye pH (kipimo cha uchachu) zaidi ya 4.6, ni bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Kipimo cha chini kinachojulikana ni dakika 3 kwa nyuzi 121.1, zikihesabiwa pale panapochelewa zaidi kupata moto katikati ya chakula. Joto la chombo cha kupikia pakiti halikuambii hilo. Joto likishuka nyuzi 10, muda unazidi mara kumi: kwa nyuzi 111.1 unahitaji dakika 30. Hatari nyingine huja wakati wa kupoza. Mvuke unapokatwa, shinikizo la nje huanguka huku ndani ya pakiti bado kunachemka, na mshono, yaani ukingo uliofungwa kwa joto, unafumuka. Ndiyo maana hewa ya mgandamizo huendelea kuingizwa mpaka pakiti zipoe.

Mshono ndipo wengi wanapopotea. Jaribio la kawaida ni kukata utepe wa milimita 25.4 na kuuvuta kwa kasi ya milimita 200 hadi 300 kwa dakika. Wageni wa kazi huandika nguvu tu. Andika pia ulivyoachana. Nyuso mbili za polipropilini zikibanduka safi, shuku joto dogo au muda mfupi wa kubana. Alumini ikiachana na polipropilini, gundi ya tabaka ndiyo mbovu na mashine ya kufungia haina kosa. Utando ukikatika kando ya mshono, mshono wenyewe ni imara, ila angalia kama joto halikuuchoma ukingo. Mafuta au unyuzi wa nyama uliobaki kwenye mshono huacha mfereji mwembamba, na utepe uliokatwa pembeni yake utafaulu bila kuugundua. Kwa hiyo ongeza jaribio la shinikizo la ndani: pauni 20 kwa inchi ya mraba, sekunde 30. Mshono uliobaki ukiwa chini ya milimita 1.6, pakiti imefeli.

Kuhusu masomo: soma kemia, kalkulasi na takwimu kwa msaada wa ada wa jeshi ukiwa bado kazini, ili miezi 36 ya GI Bill, mpango wa serikali wa kuwasomesha waliotumikia jeshi, ibaki kwa shahada. Miezi hiyo inatosha miaka minne ya masomo ya miezi tisa tisa. Chukua angalau somo moja la darasani, kwani anayesoma mtandaoni tupu hupewa posho ya nyumba iliyo nusu ya wastani wa kitaifa. Chuo Kikuu cha Michigan State wana idara ya vifungashio tangu 1952, na wanafundisha hadi udaktari. Omba pia SkillBridge, mpango wa mafunzo ya kazi za kiraia, ili ndani ya siku 180 za mwisho za utumishi ufanye kazi kiwandani au maabara huku ukilipwa na jeshi. Mkuu wako lazima akubali, basi peleka ombi mapema.

Na kama bado huna uraia, shughulikia sasa. Kazi za kiraia Natick, kama nyingi za serikali ya shirikisho, zinautaka. Mwanajeshi halipi ada ya fomu N-400 ya kuomba uraia, lakini ukiwa kazini unahitaji N-426, fomu ya kuthibitisha utumishi, iliyosainiwa na kikosi chako. Ukishatoka utatumia DD-214, cheti cha kumaliza utumishi, kwa hiyo kabla ya kusaini hakikisha namba 68R na kozi ulizosoma zimeandikwa humo sawasawa. Kuisahihisha baadaye kunachukua miezi.