Sukari ya asubuhi ni nzuri, mbona HbA1c iko juu?

SWALI: Daktari, nina kisukari cha aina ya pili na natumia metformin peke yake. Kila asubuhi kabla ya kula napata kati ya 6.0 na 6.5, lakini HbA1c imetoka 8.1%. Je, mashine yangu ni mbovu?

JIBU: Usiitupe mashine kwanza. HbA1c ya 8.1% ni sawa na wastani wa sukari wa takriban 10.3 mmol/L, usiku na mchana, kwa miezi miwili hadi mitatu. Ukiamka na 6, basi zipo saa ambazo unapanda sana bila kujua, na mara nyingi ni baada ya mlo.

Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho humwaga insulini dakika chache tu baada ya kuanza kula. Katika aina ya pili mmwago huo wa kwanza hupotea mapema, kwa hiyo sukari ya chakula huitangulia insulini kwenye damu. Metformin nayo hasa hupunguza sukari inayotolewa na ini, ndiyo maana asubuhi yako inapendeza.

Pima kabla ya mlo, kisha saa mbili tangu tonge la kwanza. Wengi huhesabu tangu wamalize kula, wakakosa kilele. Kwa watu wazima wengi tunataka isizidi 10.0. Fanya hivyo siku tatu, kila siku mlo tofauti, ukiandika ulichokula na kiasi chake.

Ukishaujua mlo unaokupandisha, punguza wanga wake, uanze na mboga na protini, wanga uje mwisho. Juisi iache, hata ya matunda halisi. Kisha tembea dakika 10 hadi 15 mara tu baada ya kula; misuli inayofanya kazi huvuta sukari hata insulini ikiwa dhaifu, na nimeona hili likiwasaidia wagonjwa wangu kuliko walivyotarajia. Badilisha jambo moja kwa wakati, vinginevyo hutajua lipi limesaidia. Anayetumia insulini au glibenclamide (kidonge kinachosukuma kongosho kutoa insulini) ajihadhari: sukari ikishuka chini ya 3.9, anywe gramu 15 za sukari na apime tena baada ya dakika 15.

Vipimo vya baada ya kula vikiwa vizuri navyo, mwombe daktari wako alinganishe mashine na maabara, na akupime damu. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kupandisha HbA1c isivyo kweli.