Uliza Fundi: Nimehamisha video, mbona laptopu bado imejaa?

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga video za harusi na sendofu hapa Tanga. Laptopu yangu ni ya GB 256 na imejaa mpaka programu ya kuhariri inagoma kufunguka. Nimenunua diski ya nje ya TB 1, nikaburuta folda zote za mwaka jana nikazitia humo. Nafasi haijaongezeka hata kidogo, na diski yenyewe inaonyesha GB 931. Nimeuziwa feki?
Mpiga video, Tanga

JIBU: Marahaba, dada. Hiyo 931 isikutishe: mtengenezaji huhesabu kwa 1,000, Windows kwa 1,024. Na ukiburuta folda kutoka diski moja kwenda nyingine, Windows hunakili tu, ya kwanza inabaki palepale. Fungua video kadhaa ukiwa kwenye diski ya nje, zisogeze mpaka mwisho, keki inakatwa, mama wa bibi harusi anatuzwa. Linganisha ukubwa wa folda zote mbili. Zikilingana, futa za kwenye laptopu, kisha mwaga na kapu la taka, maana vilivyomo humo bado vinakula nafasi. Programu ziache zilipo.

Lakini subiri kidogo kabla hujafuta. Ukishafuta, harusi ya watu inabaki sehemu moja tu. Mwaka 2019 niliacha diski yangu mezani ikifanya kazi, mwanangu akapita akajikwaa kwenye waya. Ilianguka kimo cha meza tu. Nilipoichomeka ikawa inalia tik, tik, tik, haionekani tena. Ndani ya diski za aina hiyo mna sahani zinazozunguka, nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachosoma huelea juu yake karibu mno kuliko unene wa unywele. Humo mlikuwa na video ya mwisho ya baba wa jirani yangu, akiwausia wanawe. Nilikwenda kumwambia mwenyewe. Alinitazama, akasema, "Basi." Bado inaniuma.

Kwa hiyo malipo ya sherehe mbili tatu zijazo yatoe diski ya pili ya ukubwa huohuo, uilaze nyumba nyingine, si hapo studio. Kwa leo futa vipande vya majaribio na kazi ambazo wateja wameshachukua nakala zao. Hizo nyingine ziache zibanane kwenye laptopu mpaka diski ya pili ifike.