Titani au mfupa wake mwenyewe?

Ndugu uliyeuliza kama mama, kwenye upasuaji wa kurekebisha vijifupa vya kusikia, akubali kipande cha titani (aina ya metali) au mfupa wake mwenyewe: inategemea vijifupa vilivyobaki sikioni. Usaha wa muda mrefu kwa kawaida hula kwanza fuawe, kijifupa cha katikati. Kikuku, kijifupa cha ndani kabisa, kikiwa kizima na kinacheza, mfupa wake huo wa fuawe unafaa kabisa, hauna gharama na mwili haukatai. Daktari huutoa, huuchonga kwa drili ndogo, kisha hutoboa kishimo cha kukaa juu ya kichwa cha kikuku. Lakini kolesteatoma (ngozi inayokua ndani ya sikio na kula mifupa) ikishaingia kwenye mfupa huo, usirudishwe, ugonjwa utarudi nao.

Hapo titani ni bora: nyepesi, miligramu chache tu. Kikuku kikiwepo huwekwa kipande kifupi, kama milimita 2 hadi 3; kikibaki kitako chake cha chini peke yake, huwekwa kirefu, milimita 4 au zaidi. Huo urefu ndio mtihani. Ukizidi, kipande kinasukuma ngoma ya sikio. Ukipungua, kinateleza na usikivu unashuka. Kati ya titani na ngoma lazima kiwekwe kipande chembamba cha gegedu, kwa kawaida kutoka sikio lake mwenyewe, la sivyo titani itakuja kutokeza nje ya ngoma.

Haidroksiapatiti, madini kama ya mfupa yanayotumika pia badala ya titani, mwili unaipokea vizuri, ila hupasuka ikichongwa.

Kipimo cha MRI (picha za mwili kwa sumaku) kwa kawaida si tatizo kwa titani, ila atunze kadi ya kifaa. Na muulizeni daktari kuhusu mrija unaopitisha hewa toka nyuma ya pua: ukiwa umeziba, hata kifaa ghali hakitasaidia sana.